Kirangozi Katika Kompyuta: Jinsi Data za Mvua Zinavyofika Tabora

Mnamo Machi 1872, Henry Stanley aliagana na David Livingstone huko Kwihara, kilometa chache kutoka mjini Tabora, akashika njia ya kurudi pwani. Walikuwa wamekubaliana kwamba Stanley akifika huko atatafuta wapagazi wa kuaminika na kuwapeleka kwa mzee huyo aliyebaki akingoja ndani ya tembe. Livingstone alingoja Aprili, akangoja Mei, Juni na Julai. Wapagazi waliwasili Agosti. Ombi moja na jibu lake vilichukua muda wa miezi mitano.

Leo mwanafunzi wa sekondari mjini Tabora, akiwa na kompyuta iliyounganishwa na intaneti, anaweza kuomba takwimu za joto na mvua za mahali alipo, siku kwa siku tangu 1981, na jibu likamfikia kwa sekunde chache. Takwimu hizo hutolewa bure na mradi uitwao POWER, unaoendeshwa na Kituo cha Utafiti cha Langley cha shirika la NASA, nchini Marekani. Mwendo umekuwa wa haraka kupita kiasi cha kulinganishwa. Hata hivyo, swali ambalo kila tajiri wa msafara alijiuliza bado lipo palepale: je, mzigo uliofika ndio ulioagizwa?

Swali hilo lina uzito. Takwimu za mvua huingia katika hesabu za kilimo, za mabwawa na za magonjwa. Mwanafunzi anayezitumia leo katika zoezi la darasani ndiye kesho atakayemshauri mkulima wa mahindi wa Urambo apande lini. Kwa hiyo yafaa kufahamu jinsi programu moja inavyoitisha data kutoka kwa nyingine, na nini kinachofanywa kwa niaba ya mtumiaji bila yeye kukiona.

MLANGO NA KANUNI ZAKE

Kompyuta inayohifadhi data na kuwahudumia wengine huitwa seva. Ile inayoomba huitwa mteja. Seva haimruhusu mteja kuingia ghalani na kujichotea apendavyo. Humwekea mlango maalumu, pamoja na kanuni zinazosema ombi liandikwe vipi na jibu litarudi katika umbo gani. Mlango huo na kanuni zake ndivyo wataalamu wanavyoviita API, yaani kiolesura cha programu. Ukurasa wa kawaida wa tovuti hutengenezwa kwa ajili ya macho ya binadamu, ukiwa na picha, rangi na maelezo. API hutengenezwa kwa ajili ya programu, nayo hutoa data tupu.

Ombi lenyewe huandikwa kama anwani ya tovuti. Anwani ifuatayo inaomba joto na mvua za Tabora kwa siku zote za Januari 2024:

https://power.larc.nasa.gov/api/temporal/daily/point?parameters=T2M,PRECTOTCORR&community=AG&longitude=32.8&latitude=-5.02&start=20240101&end=20240131&format=JSON

Msomaji asishtushwe na urefu wake. Sehemu iliyo kabla ya alama ya kuuliza inataja seva na aina ya data: data za kila siku, za mahali pamoja. Sehemu inayofuata ni orodha ya masharti yaliyotenganishwa kwa alama ya &. T2M ni joto la hewa katika kimo cha mita 2 juu ya ardhi, kwa nyuzi za Selsiasi. PRECTOTCORR ni mvua kwa milimita. AG huonyesha kwamba mwombaji anataka data zilizopangwa kwa mahitaji ya kilimo. Kisha hufuata longitudo, latitudo, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Neno la mwisho, JSON, ni umbo la jibu: maandishi yaliyopangwa kwa utaratibu ambao programu yoyote inaweza kuusoma, kila tarehe ikifuatwa na tarakimu yake.

Seva hurudisha pia namba ya hali. Namba 200 ina maana kwamba ombi limefaulu. Namba zinazoanza na 4 humwambia mteja kwamba kosa liko upande wake. Kwa mfano, 404 ni kitu kilichoombwa hakikuonekana. Zile zinazoanza na 5 hukiri kwamba kosa ni la seva yenyewe. Mwenye kuzifahamu namba hizi hapotezi muda kutafuta kosa mahali lisipokuwapo.

KAZI YA KIRANGOZI

Msafara wa karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ulitembea miezi kadhaa. Burton na Speke, walioondoka pwani Juni 1857, walifika Tabora, iliyoitwa pia Kazeh, mwezi wa Novemba. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, nguo na shanga. Ilipitisha watumwa pia, na kwa sababu hiyo historia yake imejaa machozi. Elimu ya kusafiri humo ilikuwa ya wenyeji, hususan Wanyamwezi, waliojulikana kote kwa kazi ya upagazi na uongozi wa njia. Mbele ya msafara alitembea kirangozi. Yeye alijua visima viko wapi, alijua namna ya kuvuka Mgunda Mkali uliokuwa na maji haba, na alijua kwamba kule Ugogo hakuna kupita bila kulipa hongo kwa watemi. Tajiri hakulazimika kujifunza hayo yote. Alisema anakotaka kwenda, na kirangozi akashika njia.

Katika uandishi wa programu, kazi ya kirangozi hufanywa na maktaba mteja. Maktaba hapa si jengo la vitabu. Ni mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa na wataalamu, ambazo mwandishi mwingine huziingiza katika programu yake na kuzitumia. Maktaba mteja ni ile iliyoandikwa mahususi kwa ajili ya kuzungumza na API fulani. Kwa data za POWER ipo maktaba iitwayo nasapower, iliyoandikwa na Adam Sparks na kutangazwa katika jarida la kitaalamu mwaka 2018. Hutumika katika lugha ya R, ambayo ni lugha ya takwimu inayopatikana bila malipo. Kwa kuitumia, ile anwani ndefu hugeuka kuwa amri hii:

get_power(community = "ag", pars = c("T2M", "PRECTOTCORR"), lonlat = c(32.8, -5.02), dates = c("2024-01-01", "2024-01-31"), temporal_api = "daily")

Amri hiyo ikitolewa, mambo kadhaa hutendeka nyuma ya pazia. Kwanza, maktaba hukagua ombi kabla ya kulituma: je, tarehe zinawezekana, majina ya vipimo yanajulikana, na latitudo haikuzidi nyuzi 90? Pili, huunda anwani kwa kufuata kanuni za seva. Tatu, hutuma ombi, husoma namba ya hali, na kama kuna kosa humweleza mtumiaji. Nne, hupokea jibu na kulipanga kama jedwali lenye safu za mwaka, mwezi, siku, joto na mvua, tayari kwa hesabu au mchoro. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wachore grafu ya mvua ya msimu mzima huokoa saa nyingi za kazi.

NJIA INAPOFUNGWA

Faida nyingine ya kirangozi huonekana siku ambayo njia ya kawaida haipitiki. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji ilifungwa. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka kupitia kusini. Aliyejua njia moja tu alikwama. Aliyekuwa na watu wanaojua njia nyingine alifika.

Jambo linalofanana na hilo liliupata mradi wa POWER mwaka 2021. Mradi ulibadili API yake: anwani zikawa nyingine, na baadhi ya majina ya vipimo yakabadilika. Wale waliokuwa wameandika anwani ya zamani ndani ya programu zao iliwabidi kupekua mstari kwa mstari na kurekebisha. Watumiaji wa nasapower walipewa toleo la 4 la maktaba, ambalo lilikwisha kuandikwa upya ili liendane na mlango mpya. Nao iliwapasa kubadili maneno machache katika amri zao, lakini sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imefanywa na watunzaji wa maktaba.

Hapa ndipo ilipo pia hatari ya kwanza. Maktaba ambayo watunzaji wake wameiacha ni sawa na kirangozi aliyeijua njia ya miaka kumi iliyopita. Kabla ya kuichagua maktaba yoyote, mwandishi wa programu anapaswa kutazama toleo lake la mwisho lilitolewa lini, na kama makosa yanayoripotiwa na watumiaji hushughulikiwa.

MZIGO USIO NDIO

Livingstone mwenyewe alipata somo chungu. Alipofika Ujiji Oktoba 1871, akiwa mgonjwa na mchovu, alikuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza. Bidhaa zilisafiri na zilifika. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakiki.

Maktaba mteja haina nia mbaya, lakini hutii kile inachoambiwa hata pale mtumiaji anapokosea. Katika amri iliyotangulia, longitudo huandikwa kwanza na latitudo baadaye. Wengi wamezoea kutaja latitudo kwanza. Mwanafunzi akizipindua, akaandika c(-5.02, 32.8), ataletewa data za milima ya Atlas nchini Moroko. Akiacha alama ya kutoa, akaandika c(32.8, 5.02), ataletewa data za Sudan Kusini, mashariki ya Juba. Maktaba haitalalamika, kwa kuwa mahali hapo pote ni halali katika ramani ya dunia. Namba ya hali itakuwa 200. Jedwali litakuwa safi. Kitakachomwokoa mwanafunzi ni ujuzi wake wa jiografia: mvua za Tabora huanza Novemba na kwisha Aprili, na kiangazi hushika katikati ya mwaka. Jedwali linaloonyesha mvua nyingi mwezi wa Julai haliwezi kuwa la Tabora.

Hatari ya pili imo ndani ya tarakimu zenyewe. Kama thamani ya siku fulani haipo, POWER huandika -999. Hii ni alama ya pengo, haina uhusiano wowote na joto wala mvua. Chukua mfano wa mwaka wenye siku 365, ambapo siku 364 zina wastani wa joto wa nyuzi 23, na siku moja imeandikwa -999. Jumla ya siku 364 ni 8,372. Ikiongezwa -999, hubaki 7,373. Ikigawanywa kwa 365, wastani wa mwaka unakuwa nyuzi 20.2.

Msomaji autazame wastani huo kwa makini. Kama hesabu ingetoa nyuzi 10 chini ya sifuri, kila mtu angegutuka. Lakini nyuzi 20.2 ni joto linaloaminika kwa mji ulio juu ya bahari kwa takriban mita 1,200. Hakuna atakayeuliza. Kumbe siku moja isiyo na data imepunguza joto la mwaka mzima kwa karibu nyuzi 3, tofauti ambayo katika elimu ya tabianchi ni kubwa sana. Kosa linaloonekana hurekebishwa siku ileile. Kosa linalofanana na ukweli ndilo linaloingia vitabuni.

Maktaba iliyoandikwa kwa uangalifu huibadili -999 kuwa alama ya pengo ambayo programu inaielewa. Katika lugha ya R alama hiyo ni NA. Baada ya hapo R hukataa kutoa wastani hadi mtumiaji aseme waziwazi kwamba siku zenye mapengo zirukwe. Yaani humlazimisha kufikiri. Lakini yeye aliyeita seva moja kwa moja, au aliyetumia maktaba isiyofanya kazi hiyo, hana mlinzi mwingine isipokuwa macho yake.

KIPANDE CHA RAMANI NA KIPIMAMVUA CHA SHULE

Hatari ya tatu ni ya kisayansi zaidi, nayo maktaba haiwezi kuiondoa. Data za hali ya hewa za POWER hazitoki katika chombo kilichosimikwa Tabora. Hutokana na hesabu zinazounganisha vipimo vya setilaiti, vituo vya ardhini na kanuni za fizikia ya angahewa. Dunia hugawanywa katika vipande vya nusu nyuzi ya latitudo kwa nyuzi 0.625 za longitudo, na kila kipande hupewa thamani moja. Katika sehemu za Tabora, kipande kimoja kina urefu wa kilometa 55 hivi kutoka kusini hadi kaskazini, na kilometa 69 hivi kutoka magharibi hadi mashariki. Eneo lake ni karibu kilometa za mraba 3,800.

Kila mkazi wa Tabora anajua namna mvua za Novemba zinavyonyesha. Wingu hupasuka juu ya kijiji kimoja, na kijiji cha pili hubaki na vumbi. Shule mbili zilizo ndani ya kipande kimoja zitapewa mvua ileile, hata kama moja imelowa na nyingine ni kavu. Mkulima aliyeambiwa kwamba milimita 20 zimekwisha kunyesha, akapanda, huenda akazika mbegu yake katika udongo mkavu. Tarakimu iliyofika haikuwa ya uongo. Ilikuwa wastani wa eneo kubwa, naye aliisoma kama habari ya shamba lake.

Kwa sababu hiyo kipimamvua hakijapoteza kazi. Vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hupima mvua iliyoangukia pale hasa, na shule yoyote inaweza kuwa na chombo chake. Zoezi linalofaa kwa kidato cha tatu au cha nne ni hili: wanafunzi wapime mvua kila siku saa 3 asubuhi kwa mwezi mzima, kisha waitishe data za POWER za mwezi huohuo na kuchora mistari miwili katika grafu moja. Ni vizuri wakumbuke kwamba siku ya kipimamvua kinachosomwa asubuhi hailingani sawasawa na siku ya data za POWER; kwa hiyo jumla za siku tano tano au kumi kumi hulinganishwa kwa haki zaidi kuliko siku moja moja. Mahali mistari inapokaribiana wajiulize kwa nini. Mahali inapoachana wajiulize zaidi.

HONGO NA UFUNGUO

Mlango wa POWER uko wazi kwa wote. Milango mingine hutaka ufunguo, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu unaomtambulisha mwombaji. Mfano ulio karibu ni mfumo wa taarifa za afya uitwao DHIS2, ambao uendelezaji wake huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, na ambao ulienezwa nchini Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mfumo huo una API yake, na kupitia kwayo wataalamu huandika programu za kuchora ramani na majedwali ya huduma za afya. Ni dhahiri kwamba takwimu za namna hii haziwezi kuachwa wazi. Asiye na idhini hurudishiwa namba 401 au 403, kama vile msafara uliofika Ugogo bila hongo ulivyozuiwa.

Ufunguo ukishatolewa, ni amana. Kosa la wanaoanza ni kuuandika ndani ya programu, kisha programu hiyo wakaigawa kwa wenzao au kuiweka hadharani. Yeyote atakayeisoma ataweza kuingia kwa jina la mwenye ufunguo. Desturi njema ni kuuweka ufunguo katika faili la pembeni ambalo halitolewi pamoja na programu.

Hata mlango ulio wazi una adabu yake. Seva moja huhudumia watu wa dunia nzima, na programu inaweza kutuma maombi mamia kwa dakika. Mteja anayezidisha hurudishiwa namba 429, maana yake maombi yamekuwa mengi mno. Maktaba nzuri hujizuia yenyewe, ikangoja kidogo kati ya ombi na ombi. Aidha, mwenye busara huhifadhi jibu alilokwisha kulipata katika kompyuta yake. Mvua ya Januari 2024 haina sababu ya kuombwa mara arobaini na wanafunzi arobaini, hasa pale ambapo shule inalipia intaneti kwa kipimo.

KUJUA NJIA KABLA YA KUMWAMINI KIRANGOZI

Katika kufundisha somo hili, njia inayofaa ni kuanza kwa mkono. Mwanafunzi aandike ile anwani ndefu mwenyewe katika kompyuta, abadili tarehe, abadili latitudo, akosee kwa makusudi, na aone seva inajibu nini. Baada ya hapo apewe maktaba. Ataitambua kila hatua inayofanywa kwa niaba yake, na siku itakapomletea jambo la ajabu atajua pa kuanzia. Anayeanzia kwenye maktaba hujifunza amri. Anayeanzia mlangoni hujifunza njia.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na ilipofika Kigoma mwaka 1914 kazi ya kirangozi katika njia ile kuu ilikuwa inakwisha. Waliopokea mizigo stesheni, hata hivyo, waliendelea kuifungua na kuihesabu kabla ya kutia sahihi. Mwanafunzi aliyepokea jedwali la mvua kutoka ng'ambo naye ana wajibu huohuo: atazame latitudo, atafute -999, akumbuke ukubwa wa kipande cha ramani, kisha atoke nje na kusoma kipimamvua.